Barua kwa mwanangu: Mnunuzi wa mbali hana mikono

Langoni, Lamu

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku ni wazima. Goti la mamako limetulia tangu mvua zikate, na paka wako bado analala kwenye mkeka wa wageni, hakuna anayethubutu kumwondoa.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara nne. Umeniuliza swali moja fupi: "Baba, niache kazi ya hotelini niuze vitabu tu, au niendelee kuuza usiku usiku kama sasa?" Umeniambia mwezi uliopita umeuza vitabu 31 kwa simu ukiwa hapo hapo Malindi, na kwamba wengi wa wanunuzi hujawahi kuwaona: mmoja yuko Voi, mmoja Kitale, wengine Nairobi. Umesema mshahara hautoshi na meneja ana maneno. Nimekusikia. Nitakujibu, lakini kwanza nikuulize na mimi. Kile kitabu cha biolojia ulichokiweka kwenye stetasi Alhamisi ukaandika "hali nzuri", ulikifungua? Ulizihesabu kurasa zake?

Sikushuku. Nakuuliza kwa sababu picha ilionyesha jalada peke yake, na jalada ni mlango tu, nyumba iko ndani.

Neno hili umelisikia kwangu tangu ukiwa mdogo, na ulikuwa ukikunja uso kila nikilisema, lakini nitalisema tena: mnunuzi wa mbali hana mikono. Aliyesimama mbele yako hukichukua kitabu akakipindua, akakinusa, akazipitisha kurasa chini ya kidole gumba, akajua mwenyewe anachokinunua. Aliye Kitale hana kidole hapo Malindi. Ameazima vidole vyako, tena amekulipa kabla hujavitumia.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi methali hii niliiamini miaka mingi, na kwa aliye na duka sokoni bado naiamini. Kwenye simu, hata kizuri lazima kitembezwe. Kikishatembezwa, picha yake inafanana na ya kibaya, na mtu hana la kushika isipokuwa neno lako.

Nilijifunza hilo kabla hujazaliwa, na sijawahi kukusimulia lote. Dada yako mkubwa anajua nusu. Mamako anajua yote, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika taa.

Mwaka ulikuwa 1989, mwaka wa mtihani wa kwanza kabisa wa KCSE, ule wa kidato cha nne. Nilikuwa karani wa shule, na zile zidaka za ukutani za chumba cha ndani, ambazo bibi yako alizipanga sahani na vikombe vyake, mimi nilizijaza vitabu vya shule vilivyotumika. Nilivinunua kwa walimu waliohamishwa na kwa wazazi ambao watoto wao walishamaliza. Wateja wangu wa hapa mjini walikuja hadi barazani. Lakini nilikuwa na wateja wa mbali pia, miaka mingi kabla ya simu zenu. Watu wa Faza, wa Siyu, wa Kizingitini, kule kisiwani Pate, walituma pesa na maneno kwa nahodha: "Mwambie karani anitafutie kitabu fulani, cha mwaka fulani." Nahodha akinipa pesa, mimi nakifunga kitabu kwa gazeti na nailoni, nakipeleka gatini, naye anangoja maji yajae apite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maana pale boti haipiti maji yakipwa. Kitabu kingefika kesho yake au siku ya tatu. Hivyo ndivyo nilivyouza, mwanangu, na tofauti yangu na yako ni kasi tu.

Ilikuwa demani, upepo wa kusi unapomalizika, kama wiki sita kabla ya mtihani. Mvuvi mmoja wa Faza alituma shilingi 45 akitaka kitabu cha jiografia kwa mwanawe wa kidato cha nne. Nilikuwa nacho kimoja. Jalada safi, jina la mwanafunzi wa zamani limeandikwa kwa mkono mzuri, pembe hazikukunjika. Lakini uzi wa katikati ulikuwa umekatika. Unajua kitabu cha kushonwa kinavyotengenezwa: karatasi hukunjwa pamoja, kila kunjo likawa na kurasa 16 mara nyingi, kisha makunjo hayo yakashonwa mgongoni. Uzi ukikatika, halianguki karatasi moja, linaanguka kunjo zima. Kitabu hiki kilitoka ukurasa wa 112 kikaruka mpaka wa 129.

Mimi nilijua. Nataka uliandike hilo moyoni. Siwezi kusema sikuona. Nilikuwa nimekihesabu mwenyewe siku nilipokinunua, na kwa sababu hiyo nikakipata kwa shilingi 10. Wakati nahodha ananinyoshea zile 45, nilijiambia kitabu kina kurasa zaidi ya 200, kijana atasoma nyingine. Nilijiambia pia kwamba dada yako alikuwa na homa, na ni kweli alikuwa nayo. Lakini dawa ilikuwa imeshanunuliwa tangu juzi yake, kwa mshahara. Zile 45 hazikuwa za dawa. Nimejaribu miaka yote kuzifanya ziwe za dawa, na hazikubali.

Baada ya siku tisa mzee mwenyewe akaja. Nilikuwa nimekaa barazani baada ya alasiri. Akanisalimia, akakaa, akakubali kahawa. Akatoa kitabu ndani ya kikapu, kimefungwa katika kanga safi, akakiweka baina yetu. Mimi tayari nilikuwa nimeshika mfuko wangu kumrudishia pesa. Akasema, "Bwana karani, nimekuja kufuata kurasa."

Hakusema nimemdhulumu. Alidhani zimebaki kwangu. Alidhani zilianguka ndani ya kidaka na kwamba mimi, mtu wa shule, nilikuwa nimeziweka mahali pema nikimngoja. Amepanda boti, amepoteza siku mbili za bahari, kuja kuchukua kitu ambacho kwa akili yake mtu kama mimi hangeweza kukipoteza.

Nilimwambia kweli. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Basi tutafanyaje? Kijana ana mtihani." Ile "tutafanyaje" ndiyo iliyonimaliza. Angesema "utafanyaje" ningelala usiku ule.

Nikaazima nakala nzima kwa mwalimu wa jiografia, nikakaa ndani nikaandika. Kurasa 16 kwa mkono, na ramani na michoro, mausiku mawili, na umeme ulikatika usiku wa kwanza, ndipo mamako akashika taa ya mafuta ya taa mpaka karibu na alfajiri. Hakunilaumu hata kwa neno. Alibadilisha mkono tu, taa ikienda huku na huku.

Mzee alilala kwa jamaa zake Mkomani. Alipokuja kuzichukua akazipitia moja moja, yeye ambaye kusoma kwake kulikuwa kwa herufi za Kiarabu tu. Alifika kwenye ramani ya pepo za Bahari ya Hindi akasimama. Akaweka kidole. "Hapa kusi linakwenda au linakuja?" Nikatazama. Nilikuwa nimechora mshale wa kusi kichwa chini, ukielekea kusini, kana kwamba lavuma kutoka Uarabuni. Kitabu cha mwalimu kilikuwa sawa. Mkono wangu wenye usingizi ndio uliogeuza. Akacheka, akasema tungemfuata karani huyu tungefika Msumbiji badala ya Arabuni. Nikaufuta, nikauchora upya mbele yake. Hiyo ndiyo furaha pekee niliyoipata katika jambo lile zima, mwanangu, na mpaka leo nikiliona kusi linaanza kuvuma mwezi wa nne namkumbuka akiwa ameweka kidole pale.

Pesa zake alikataa kuzichukua. Mwezi uliofuata nahodha akaniletea ng'onda, samaki wakavu, mtungo mzima, "kutoka kwa yule mzee wa kurasa." Sikuweza kuwala. Mamako aliwapika kwa nazi akawapa majirani. Kijana alipita au hakupita, sijui. Sikuwahi kuwa na moyo wa kuuliza.

Kwa hiyo usinione mkali ninapokwambia hesabu kurasa. Mnunuzi wa mbali hana mikono, na wengine hawana hata boti ya kuja kukudai. Watanyamaza tu, wasinunue tena, na hutajua kwa nini.

Haya. Nataka ufanye hivi, na mengine najua unayafanya tayari. Piga picha ya jalada la mbele na la nyuma, mgongo, ukurasa wa jina, na ule ukurasa wa nyuma yake wenye mchapishaji na mwaka. Kisha ipige picha kasoro yenyewe, iweke ya pili kwenye orodha, isiwe ya mwisho. Andika kama mtu anayemweleza kipofu: jalada limepauka, majina mawili kwa wino ukurasa wa kwanza, mistari ya penseli sura ya tatu, kurasa zote zipo, nimezihesabu. Hilo neno moja, "nimezihesabu", usiliandike kama hukuzihesabu.

Usiitegemee namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, peke yake. Namba hizo zilianza kuwa kipimo cha dunia 1970, zikiwa na tarakimu 10, na tangu 2007 ni 13. Kitabu cha zamani hakina hata moja, na hicho mara nyingi ndicho chenye thamani. Hapo lazima usome mwenyewe. Ukiona East African Literature Bureau, jua ni ile taasisi iliyoanzishwa 1948, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, kwa hiyo una karibu miaka 30 tu ya kutafuta mwaka wake. Hivyo ndivyo nilivyovipanga vya babu yako. Na babu yako, kama unakumbuka, hakuwahi kusema "kitabu". Alisema "chuo", kama tenzi za zamani zinavyosema. "Niletee chuo changu." Ulikuwa ukidhani anataka kwenda madrasa.

Jambo jingine, na hili silo la kujadiliana. Ukinunua sanduku la marehemu wa watu, huku Lamu au huko kwenu, fungua kila kitabu cha Kiarabu ukurasa wa mwanzo na wa mwisho. Ukiona imeandikwa ni wakfu, usikiuze, hata ukiahidiwa mshahara wa mwaka. Cha wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Kirudishe kwenye msikiti au madrasa iliyotajwa. Na ukikuta hati ya mkono, ya zile zilizokuwa zikinakiliwa Siyu au nyinginezo, usiipige picha kwa ajili ya stetasi. Wapigie watu wa makumbusho. Kitu cha kale hakitolewi nje ya Kenya bila kibali, sheria ya turathi ya 2006 inasema hivyo, na mnunuzi wa Ulaya anayekuharakisha kwa dola anaijua sheria hiyo kuliko wewe. Hati za msikiti wetu wa Riyadha hapa Lamu zilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwa msaada wa mradi wa maktaba ya Uingereza, picha zikaenda duniani na karatasi zikabaki Lamu. Hiyo ndiyo njia. Picha isafiri, chuo kibaki.

Kuhusu kuhifadhi, usiviegemeze ukutani. Nyumba yako ni ya mawe ya matumbawe kama yetu, ukuta unavuta maji na chumvi, na masika yakija kitabu kinavimba kama mkate. Viweke juu ya mbao, hewa ipite nyuma. Kikilowa usikianike juani, gundi itapasuka. Kivulini, penye upepo, kurasa zikiwa wazi.

Sasa pesa. Umesema vitabu 31, lakini hukusema vingapi vimebaki. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mara ya mwisho ulinunua gunia la vitabu 40 kwa shilingi 2,000, ukaniambia kwa furaha kila kimoja ni 50. Ukauza 15 kwa 300, ukapata 4,500. Mimi nikaona 25 chini ya kitanda nilipokuja Idi. Basi gharama yako kwa kila kitabu kilichouzwa haikuwa 50, ilikuwa karibu 133. Ongeza bahasha na nauli ya basi pale ulipokubali kuilipa wewe kwa sababu mteja alikuuliza "bei ya mwisho ngapi?" mpaka ukachoka. Ongeza usiku wako. Kitabu kimoja kina watu sita wanaouliza na mmoja anayenunua, na hao watano nao unawajibu kwa adabu, kwa kuwa biashara haigombi.

Na vile vya darasa la saba na la nane, viache. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa darasa la nane, ulifanywa 2023. Kitabu cha shule kina siku zake kama samaki. Mimi nilishikwa na hilo mfumo wa masomo wa 8-4-4 ulipoingia 1985, masanduku mawili yakanibakia mkononi, na moja lao ulilikalia ukijifunza kusuka.

Lakini nimeandika haya yote na usiku huu nimejiuliza kama nakosea. Yule kijana wa Mombasa unayenitajia, anayepiga picha jalada tu na kuuza mara tatu yako, hakufunga duka. Watu wanamnunulia. Huenda mtu akiambiwa kasoro zote anakimbia, na huenda kurasa 16 zilizokosekana katika riwaya ya shilingi 200 si kurasa 16 za mtoto wa mtihani. Mamako anasema wewe unauza hadithi za kusoma kitandani na mimi nakufundisha kama unauza dawa. Labda ni kweli. Labda nakulipisha deni langu mimi. Nimelifikiri hilo, nikatoka barazani nikarudi, na bado mkono wangu unaandika vilevile: hesabu.

Kuhusu kuacha kazi. Jibu ninalo, limekaa ulimini, na kalamu imelielekea mara mbili nikairudisha. Nikikwambia usiache, nitakuwa nimefanya alichonifanyia babu yako, aliyenichagulia ukarani nikiwa na miaka 19, wakati mimi nilitaka kufungua duka la vitabu pale karibu na Ngome. Nilinuna miaka mingi. Mshahara huo huo ndio uliokusomesha, na siwezi kuutukana. Nikikwambia acha, nitakuwa nakutuma ukaishi maisha yangu niliyoyakosa, na kodi ya nyumba ya Malindi hailipwi kwa ndoto ya mzee. Mamako kanishika mkono: "Usimwamulie." Basi siamui. Nakuomba tu usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujaniletea daftari la miezi mitatu, lenye vilivyouzwa na vilivyobaki, na nauli, na marejesho. Hapo utaniambia wewe, nami nitasikiliza, ingawa itanibidi niume ulimi.

Lile sanduku la bati la babu yako nimelifungua. Ami yako amekubali. Hakuna cha wakfu ndani, nimetazama kila kimoja mwanzo na mwisho. Nahesabu kurasa usiku baada ya isha, vitabu viwili kila usiku, maana macho hayaruhusu zaidi. Nimemaliza tisa. Viwili vina upungufu, nimeandika kwa penseli ndani ya jalada ni kurasa zipi. Vilivyobaki nitavimaliza kufikia Jumatano, inshallah, Alhamisi sanduku livuke mpaka Mokowe, bara, kwa boti ya asubuhi lipande basi. Likikufikia, usiichukue hesabu yangu. Hesabu tena wewe.

Wasalaam,
Babako